Kiota cha Sindano

Wafiwa na waombolezaji, familia imenituma mimi, mdogo wa marehemu, niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye wengi mlimwita Fundi Mkuu, na nikikwama mnivumilie.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kike pekee wa mshona nguo, na alipofika miaka minane ikaonekana kwamba akikunja ngumi kifundo cha kidole cha nne kinazama, kama cha mama yetu, ukoo ukashangilia kwamba cherehani imepata mrithi, maana kwetu kishimo hicho kiliitwa kiota cha sindano.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1975, na Januari 1978 akaanza kazi kwenye karakana ya sare za shule, akasifika kwa kola zilizonyooka na kwa ulimi wake, maana mteja aliyenenepa aliambiwa ni kitambaa kilichopungua.

Alifunga ndoa tarehe 8 Septemba 1984 na fundi saa wa mtaa wa pili, wakajaliwa watoto watatu, na kitinda mimba alipoota kiota chake tulimpa cherehani kwa vigelegele.

Miaka yote vidole vya dada vilikaza juu ya kitambaa, midomo ikafa ganzi, naye akasema ni uchovu, hadi Mei 2019 alipovunjika paja kwa kuinuka tu kitini, ndipo daktari akaeleza kwamba homoni inayosimamia kalsiamu alikuwa nayo tele, ila figo zilitia pamba masikioni, kalsiamu ikapungua kwenye damu, mwili ukazidi kumwaga homoni, na mifupa, iliyoisikia, ikaliwa kidogo kidogo, akaongeza kwamba ugonjwa huu ni nadra, kwamba kile kishimo cha kifundo tulichokishangilia ni dalili yake mojawapo, na mama anaweza kumrithisha mtoto.

Tangu hapo dada hakuhofia mifupa yake, alihofia mkono wa kitinda mimba, ambaye sasa ana ujauzito wa miezi mitano na amekataa katakata kupimwa, mama yake akamsihi, akamtania, akamnunia, asifanikiwe.

Alifariki tarehe 2 Juni 2023, kalsiamu iliposhuka ghafla na moyo ukashindwa.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani, na mafundi wenzake waliofunga karakana leo.

Nguo aliyovaa marehemu imeshonwa jana na kitinda mimba, na pindo limekwenda upande, kwa sababu vidole vyake vilikaza katikati ya kazi, tukaona sote. Mpwa wangu, Jumatatu asubuhi nitakuwa mlangoni kwako, tutakwenda pamoja kwa daktari, na ukininunia nimeshazoea, mama yako alininunia maisha yake yote.

Dada, hofu hiyo tuachie sisi, wewe pumzika kwa amani.