Tarehe Niliyompa Mzee Wanjala

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya mawe mawili, mbele ya kibanda cha kahawa cha Dauda, pale barabara ya Amalemba inapokata kona. Mwisho wake umeegemea kopo la rangi lililojazwa mchanga, na anayeketi upande huo hatakiwi kujitikisa. Mimi hukaa karibu nalo na jiko langu la mandazi, mtoto mgongoni. Wenye benchi ni watatu. Osiako tunamwita Daftari, kwa sababu ameandika katika daftari za shule siku za kuzaliwa na za kufa za kila mwanamuziki aliyewahi kumsikia. Elkanah ni Betri, mwenye redio. Betri zake huzianika juani juu ya ukuta kama dagaa wa omena. Jairus ni Mizani. Alipima lori za miwa kiwandani miaka kumi na tisa, na mpaka leo hajaacha kupima. Dauda, mtu wa Mumias, humimina kahawa na kutoa maneno machache. Jumamosi hiyo, tarehe kumi na nne Mei 1994, nilipofika hakuna aliyenitania. Redio ilikuwa katikati ya benchi, imezimwa, na wote walikuwa wanaitazama kama watu wanaongoja daktari atoke.

— Kipindi ni saa tano kamili, — alisema Daftari. — Atasomwa saa tano.

— Labda kadi ilipotea posta, — nikasema.

— Kadi haipoteangi kama unataka ipotee, — akasema Betri. — Yenye hupoteanga ni ile ya kukuita kazi.

Wa kusomwa alikuwa Mzee Wanjala, mpiga gitaa, ambaye nyumba yake ni ya tatu kutoka kwenye benchi. Mzee alirekodi santuri moja tu maishani, mwaka wa sitini na nne. Kila Jumamosi saa tano kuna kipindi redioni ambapo mtangazaji husoma wanamuziki waliozaliwa wiki hiyo. Husoma kwanza walio hai, kisha hupiga wimbo, kisha husoma waliokwisha kutuacha. Mwezi wa Aprili benchi liliamua kwamba Mzee, akifika miaka sitini, lazima asomwe. Mimi ndiye niliyeandika kadi, kwa kuwa mwandiko wangu umenyooka, ingawa shule niliishia darasa la nane.

Ilikuwa furaha tupu mpaka Jumatano, Daftari alipofungua kurasa zake akamkumbuka Sylvanus, mpiga ngoma wa Malava. Kadi ya Sylvanus tuliituma sisi wenyewe mwezi wa Machi. Alisomwa Jumamosi. Jumamosi iliyofuata alizikwa.

Tangu hapo hatukupumua. Na asubuhi hiyo, kabla sijawasha jiko, Betri alikuwa amekwenda mlangoni kwa Mzee na mayai manne ndani ya kofia, akamwambia yote: kadi, tarehe, Sylvanus. Akamsihi asitoke nyumbani siku hiyo. Na ndiyo siku ambayo Mzee alikuwa ameitwa kupiga gitaa kwenye harusi kule Khwisero. Gari la bwana harusi lingemchukua saa sita. Miaka mitatu ilikuwa imepita bila mtu kumwita popote.

— Alisema nini? — nikamuuliza Betri.

— Alichukua mayai, akaniambia asante. Halafu nikaona anarudisha gitaa kwa msumari.

— Alikuwa ameliteremsha?

— Alikuwa ameshafunga tai.

Dauda aliweka kikombe chake chini.

— Sylvanus alikuwa mgonjwa miaka miwili, — alisema. — Uji nilimpelekea mimi. Redio haikumfanya kitu.

— Miaka miwili alikuwa mgonjwa na hakufa! — akasema Daftari. — Akasomwa, akafa. Sasa hiyo ni nini, Dauda?

— Hiyo ni ajali ya Mungu.

— Ngojeni mimi niwapimie, — akasema Mizani. — Wanjala amezaliwa thelathini na nne. Santuri ni sitini na nne. Leo ni tisini na nne. Hapo iko ngapi?

— Thelathini, na thelathini tena, — akasema Daftari.

— Haya. Thelathini upande huu, thelathini upande ule. Mshale umesimama katikati, pwa! Lori ikipimwa ikasimama hivyo, inafanywa nini?

— Inapewa karatasi, — akasema Dauda.

— Inashushwa mzigo!

— Baba, usiseme mzigo, — nikasema. — Ni mtu.

— Mama Nekesa, mimi nasema vile mizani inasema. Mti haupingi shoka.

Nilijifanya nageuza mandazi. Nilikuwa nimeshayageuza mara tatu, na sababu naijua mimi peke yangu. Hiyo tarehe kumi na nne Mei ilitoka kwangu.

Nilipotumwa kuandika kadi, nilikwenda kwa Mzee nikamuuliza kwa ujanja alizaliwa lini. Akacheka. Akaniambia, "Binti yangu, naitwa Wanjala. Nilizaliwa wakati wa njaa, na njaa haina tarehe." Kipande chake, kile kitambulisho, kina mwaka tu. Lakini kadi ilikuwa na nafasi ya siku na mwezi, na ilisemekana ukiacha wazi wanaitupa. Kwetu njaa huja Mei, mahindi yakiwa bado mabichi shambani, kwa hivyo mwezi nikaupata. Siku niliitoa kwenye kadi ya kliniki ya mtoto wangu. Tarehe kumi na nne Mei mwaka uliotangulia, Nekesa alikuwa na surua. Dawa nilikuwa nimempa, lakini alilia tangu asubuhi, na baba yake alikuwa mbali akikata miwa. Mchana mvua ikanyesha. Mzee Wanjala akaja akiwa amefunika gitaa kwa koti lake, yeye mwenyewe analowa. Akaketi mlangoni, akapiga wimbo mmoja, huohuo, mpaka waya mmoja ukakatika. Akaendelea na tano zilizobaki. Nekesa akalala, na alipoamka joto lilikuwa limeshuka.

Nilifikiri kama ni lazima mtu apewe siku, apewe hiyo.

— Mei yenyewe ni mwezi mbaya, — Daftari alikuwa anasema. — Bob Marley alituacha Mei. Tarehe kumi na moja. Siku tatu tu kutoka leo!

— Mwaka gani? — Dauda akauliza.

— Themanini na moja.

— Basi ni miaka kumi na tatu na siku tatu. Mbona unaitanga siku tatu?

— Wewe mimina kahawa.

— Na Franco? — akasema Mizani. — Huyo je?

— Alizaliwa Julai, akafa Oktoba.

— Umeona? Hapo hakuna kitu.

— Hapo ndiyo iko kitu! Julai mpaka Oktoba ni miezi mitatu. Tatu tena! Mambo yamejificha, lakini mficha uchi hazai.

— Sasa uchi umeingia wapi? — akasema Mizani.

Betri hakucheka. Alizichukua betri ukutani, akazifuta moja moja kwa shati, akazirudisha ndani ya redio.

— Nyinyi hamjui vile redio inafanyanga, — alisema polepole. — Jina la mtu likikaa kwa mdomo ya watu, linakaa na mwenyewe. Lakini likisomwa Nairobi, linapanda mlingoti bila mwenyewe. Linapita Nakuru, linapita Eldoret, linafika hapa limechoka kabisa. Linaanza kumtafuta. Likimpata amelala kwake, linatulia. Likimpata barabarani na gitaa mkononi...

— Linamfanya nini? — nikauliza.

— Linaondoka na yeye. Si wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone? Jina ndilo mgeni. Mwenyeji atapona namna gani kama ameenda Khwisero?

Mizani alitafuta la kupima akakosa. Dauda alinisogezea kikombe cha kahawa ambacho sikuwa nimeomba.

— Kunywa, mwanangu, — alisema. — Unaunguza mandazi kama wewe ndiye utasomwa.

Zilibaki dakika chache saa tano ifike. Ndipo tukamwona Kukhu Beldina, nyanya yetu sote, mke wa Mzee Wanjala, anakuja upande wetu. Alikuwa amevaa kitambaa cha kichwa cha harusi, kile cha rangi ya chungwa. Mkononi alikuwa na viatu vya mume wake, vyeusi, vimepakwa rangi vikang'aa.

— Mulembe, — alisema.

— Mulembe, Kukhu, — tukaitikia.

Hakuketi.

— Mzee amekataa kuvaa viatu. Ameketi kitandani anasikiza moyo wake kama mtu anayesikiza mwizi. Saa sita watu wa Khwisero watakuja, na mimi sijui nitawaambia nini. Nauliza neno moja tu. Nani aliwaambia amezaliwa leo?

Mizani alikohoa.

— Mimi nilipima tu, Mama. Hesabu nilipewa na Daftari.

— Mimi nilinakili, — akasema Daftari. Alifungua ukurasa akamwonyesha. — Iko hapa kwa wino. Nilitoa kwa kadi.

— Na kadi ilitoa wapi?

— Kadi... — Daftari akamtazama Betri.

— Mimi nilipeleka posta tu, — akasema Betri. — Nilijua imetoka kwa Mzee.

— Mzee anasema imetoka kwenu. Anafikiri mmeipata kwa vitabu vya ubatizo vya misheni, ndiyo maana anaogopa. Mimi nimeishi na yeye miaka thelathini na nane, na mama yake nilimzika mimi. Hata huyo mama hakuwa na tarehe.

Betri aliwasha redio, na muziki wa kipindi ukaanza. Nekesa alikuwa anacheza na nywele zangu mgongoni. Nilijua wakati wa kusema ni huo, na nilijua pia kwamba nikisema, hakuna mtu kwenye benchi hilo atakayeniamini tena na kadi.

— Ni mimi, Kukhu, — nikasema. — Tarehe niliitunga.

— Ulifanya nini?

— Nilimuuliza Mzee, hakuijua. Kadi ilitaka siku. Nikaandika siku ile alipompigia Nekesa gitaa, wakati wa surua. Nilitaka tu asomwe.

Daftari alifunga daftari lake taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. Nilitazama chini. Nilingoja kutukanwa, na ingekuwa haki yangu. Kukhu Beldina alinisogelea akanipa kiatu kimoja nishike.

— Nilifikiri watanijibu wazee, — alisema. — Njoo umwambie wewe mwenyewe.

Mzee Wanjala alikuwa kitandani na tai yake, soksi miguuni. Gitaa lilikuwa ukutani. Mayai ya Betri yalikuwa mezani, hayajaguswa. Nilimweleza nikiwa nimesimama, haraka, kabla ujasiri haujaisha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

— Kwa hivyo si vitabu vya misheni?

— Hapana, Mzee. Ni kadi ya kliniki.

— Tarehe kumi na nne. — Alifikiri. — Ni ile siku waya ilikatika?

— Ndiyo.

— Waya ya nne, — alisema.

Aliinuka, akateremsha gitaa, akajaribu waya wa nne kwa kidole gumba. Ulilia vizuri. Kukhu alipiga magoti kumvisha kiatu cha kwanza, na wakati huohuo tukasikia kelele kutoka kwenye benchi, wanaume wote kwa pamoja. Mzee aliganda na mguu mmoja hewani.

— Wamelia?

— Wamekusoma, — akasema Kukhu.

— Kwa upande gani? Wa kwanza ama ule mwingine?

Kukhu Beldina alifungua dirisha akapaaza sauti:

— Amesomwa upande gani?

— Wa walio hai, Kukhu! — ilikuwa sauti ya Betri, imekauka. — Kabla ya wimbo! Kabla ya wimbo!

Mzee aliketi tena kidogo. Akafuta macho kwa ncha ya tai, kisha akanyoosha mguu wa pili.

Alipofika kwenye benchi wote walisimama, na ubao ukainuka upande wa kopo. Dauda aligeuza birika juu chini. Kilichobaki kilikuwa kikombe kimoja na machicha, na hicho akampa Mzee. Daftari alikuwa amefungua ukurasa wake, kalamu mkononi.

— Mzee, nifute? — aliuliza. — Kwa sababu si ya kweli.

— Acha hapo, — akasema Mzee. — Tangu nizaliwe, nikiulizwa siku yangu, nasemanga njaa. Sasa niko na siku, na wewe unataka kufuta?

— Lakini hesabu... — Mizani alianza.

— Jairus, kama ni hesabu, ongeza mwaka ujao.

Gari la Khwisero likapiga honi kule barabarani kabla ya saa yake. Mzee alinyoosha mkono kuchukua gitaa alilokuwa ameliegemeza kwenye benchi, lakini Betri alishalibeba. Redio yake, ambayo hajawahi kuiacha hata akienda msalani, aliiacha ubaoni ikiimba na kumaliza betri. Alitangulia peke yake, hatua kumi mbele ya Mzee, gitaa kifuani, akiangalia huku na huku angani.

Nilimkimbilia na mandazi ya safari niliyokuwa nimemfungia Mzee.

— Mbona unatembea mbele hivyo? — nikamuuliza. — Si nimesema tarehe niliitunga?

— Nimesikia, — akasema Betri. — Lakini jina limesomwa kweli. Kama linakuja, likutane na mimi kwanza.