Shahidi wa Klabu ya Magendo

Tramu ya kwenda mahakamani hapa Chicago ilijaa asubuhi hiyo, nami nilibanwa nyuma ya mama mmoja mwenye kikapu cha kabichi na binti aliyekuwa akimweleza mambo yake. Binti alikuwa mcheza dansi katika klabu inayouza pombe ya magendo. Alikuwa anakwenda kusema kwamba mwenye klabu ndiye aliyempiga risasi mpiga kinanda wao.

"Sema hukuona, mwanangu," mama akamwambia. "Taa ya jukwaani si inapofusha?"

"Ndivyo wakili wa mwenye klabu alivyonifundisha. Lakini polisi wakija, mama, ile taa huzimwa, za ukumbini zinawashwa, tunavaa majoho na kuimba nyimbo za kanisani, paonekane pa ibada. Siku ile walikuwamo, nasi tulikuwa ubeti wa pili risasi ilipolia. Nilimwona kama ninavyokuona wewe."

"Na hao polisi?"

"Waliitikia kiitikio."

Sikushangaa. Mke wangu aliuawa na pombe yenye sumu iliyopita mbele ya macho ya wakubwa, na hakuna mkubwa aliyeitwa popote.

"Watakuua, binti."

"Huenda. Ila marehemu, nikikosea hatua, alinipigia kinanda taratibu mpaka niipate. Leo nimkane?"

Tramu ikasimama mbele ya mahakama. Mama akamng'ang'ania mkono wa koti, akisema wale wanaume wawili waliosimama kwenye ngazi za mahakama hawakuja kusali. Binti akalivua koti, akamwachia mkononi, akashuka kwenye theluji.