Tarumbeta la Jumamosi

Sitara, aliyetoka eda juzi tu, alikuwa nyuma ya Zahoro na Mama Elieshi ndani ya basi la Ilala, na kila neno lilimfikia. "Kijana, unanibibidulia midomo mimi, sawa na mama yako?" alifoka Mama Elieshi, mwenye duka Kariakoo.

"Shikamoo, mama. Ni mazoezi," alijibu Zahoro. "Tarumbeta ni la klabu yetu ya dansi, nalishika Jumamosi tu. Siku nyingine nafanya kwa midomo mitupu."

"Marahaba. Na inasaidia?"

"Kidogo kidogo. Mwaka jana nilikuwa natoa sauti ya mbuzi anayechinjwa. Leo wakubwa wa klabu wakiridhika nami, usiku nitapiga dansini. Wasiporidhika, narudi kutikisa manyanga."

"Hebu nisikie."

Zahoro akakaza midomo na kupuliza, hata kondakta akageuka. "Mbuzi bado yumo," alisema Mama Elieshi, "ila naona amepona." Sitara akacheka ndani ya kanga, kicheko chake cha kwanza tangu msiba.

"Basi njoo unisikilize, mama."

"Mimi, mke wa mzee wa kanisa, niende dansini? Mungu apishe mbali!"

Basi likasimama. Zahoro alikuwa ameshakanyaga chini Mama Elieshi alipotoa kichwa dirishani. "We kijana! Hilo dansi linaanza saa ngapi?"