Dada Kimya, Hedifoni Zake na Kiboksi Cheusi

Ijumaa hii, tarehe 30, idara ya sauti ya kituo chetu cha redio inamuaga fundi wake mkuu baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi. Kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa getini, sote tunamwita Dada Kimya, kwa sababu "kimya" ndilo neno la kwanza analomwambia kila anayefungua mlango wa chumba chake. Mhariri wa jarida hili ameniomba niandike wasifu wake kwa kuwa meza yangu imekuwa ubavuni mwa meza yake karibu muda wote huo. Nimekubali. Ila ni haki msomaji ajue anasimuliwa na nani: mimi ndiye ninayemwonea wivu kuliko mtu mwingine yeyote katika jengo hili. Mwenye wivu ajinyonge, wanasema. Mimi nimeona afadhali niandike.

Alianzia chumba cha kanda, enzi ambazo kipindi kilihaririwa kwa wembe na utepe wa gundi. Aliweza kukata pumzi ya mtangazaji katikati ya sentensi na kuiunga kanda bila mtu kugundua kitu. Mimi niliajiriwa mwaka uliofuata, nikapewa wembe kama wake na meza kama yake. Kanda zangu zikawa zinarudishwa; zake hazirudi. Akapanda kuwa fundi wa kurekodi, kisha fundi mkuu, na kwa miaka mingi hakuna kipindi kilichokwenda hewani bila kupita kwanza masikioni mwake. Kanda zote za zamani zimehamishiwa kwenye kompyuta chini ya usimamizi wake, na hakuna hata moja iliyopotea. Cheti cha mfanyakazi bora amekichukua mara nne. Mimi nilikipata mara moja, mwaka aliokuwa likizo ya uzazi.

Visa vyake ni vingi. Msomaji wetu wa taarifa ya habari anakumbuka siku alipoambiwa aende kwa daktari wa meno kwa sababu herufi zake zilianza kupiga mluzi. Alikwenda akiwa amenuna, akarudi na jino lililozibwa. Mpishi wa kantini alilazimika kuhamisha friji lake ukuta wa pili, maana Dada Kimya alilisikia ndani ya mahojiano na waziri. Dereva naye, kabla ya kupeleka gari gereji, hulileta kwanza chini ya dirisha letu na kulingurumisha, akisubiri hukumu. Yote hayo nimeyavumilia. Kilichoniuma ni siku redio ya jikoni kwetu ilipoanza kukwaruza, na mke wangu akaniambia kesho nimuulize Dada Kimya ina nini. Nilikuwa nimekaa hapo hapo mezani, nakula.

Na ananiita mdogo wangu. Kanitangulia kuzaliwa kwa miaka miwili tu, lakini ni mdogo wangu asubuhi na mdogo wangu jioni, hata mbele ya wageni.

Utaratibu wake wa kusikiliza umekuwa sheria ya idara. Anapotaka kulinganisha vyombo viwili, kwanza huvifunika kwa mtandio wake ili jicho lisiamue badala ya sikio. Pili, hupima kwa mita hadi vyote viwili vitoe sauti ya ukubwa uleule, kwa kuwa sikio ni jepesi kudanganywa: chenye sauti kubwa kidogo huonekana bora hata kama si bora. "Sawazisha kwanza, ndiyo uhukumu," ndiyo kauli yake. Tatu, akimaliza kusikiliza huvua hedifoni, huzigeuza upande wa kushoto uwe kulia, na kusikiliza upya kuanzia mwanzo.

Hilo la tatu hakuwahi kulieleza, na sisi hatukuuliza. Tuliliiga. Mafundi wote wa idara hii hugeuza hedifoni. Wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo hufundishwa kugeuza, na mwalimu wao ni mimi. Nimewaeleza kwa uso mkavu kabisa kwamba ubongo unapaswa kuonja sauti kwa pande zote mbili. Hata mkurugenzi, akitutembelea na wafadhili, huzivaa, hutikisa kichwa, huzigeuza, kisha hutikisa kichwa tena.

Sasa tuje kwenye zawadi. Dada Kimya alishasema kwamba akistaafu atakaa nyumbani asikilize muziki, basi. Anazo hedifoni kubwa nzito alizookoa studio ya zamani ilipovunjwa, lakini akizichomeka kwenye simu sauti inatoka dhaifu, kama ya mtu anayezungumza akiwa chini ya blanketi. Kamati ya kumuaga ikaamua kumnunulia kigeuzi. Kwa asiyekijua, sauti iliyo ndani ya simu au kompyuta ni namba tupu. Kigeuzi huzichukua namba hizo na kuzirudisha kuwa umeme unaopanda na kushuka kama sauti yenyewe, na kile chenye amplifaya ndani yake huupa umeme huo nguvu ya kusukuma hata hedifoni nzito kama zake. Mchango uliopatikana ulikuwa wa heshima ila si wa kutisha, kwa hiyo vigeuzi vya wakubwa tulivitazama kwenye picha tu. Kazi ya kuchagua katika vile vya bei yetu wakanipa mimi.

Niseme ukweli, roho iliniuma. Miaka yote hii hakuna aliyewahi kuninunulia hata waya wa chaja, na sasa nilitakiwa kuzunguka madukani nikitafuta kitu ambacho mimi mwenyewe ningekitamani, nikampe yeye. Muuza vifaa wa mtaa wa nyuma aliniazima viwili. Cha kwanza kilikuwa cha rangi ya fedha, kina taa ya buluu na kioo kidogo kinachoonyesha namba, na karatasi yake ilijisifu kwa viwango vya sauti nyembamba ambavyo labda popo angevifurahia. Cha pili kilikuwa kiboksi cheusi kisichozidi kipande cha sabuni, kina kitufe kimoja cha kuzungusha, na bei yake ilikuwa ya chini. Nilivisikiliza. Cha fedha kilimeremeta masikioni kama kilivyomeremeta mezani. Sikufunika kitu, sikupima kwa mita. Nilikuwa na haraka, na sikio la kufa halisikii dawa. Hedifoni, bila shaka, niligeuza. Nikaiambia kamati kazi imekwisha, tunachukua cha fedha.

Lakini moyo haukutulia. Nilimjua atakayekifungua. Siku iliyofuata, wakati wa chakula cha mchana, nikamwekea vyote viwili mezani na kumdanganya kwamba natafuta cha kwangu, anisaidie kuchagua.

Aliacha chakula chake kikapoa. Alizima feni, akatandaza mtandio juu ya viboksi, akatoa mita. Jambo la kwanza alilogundua ni kwamba cha fedha kilikuwa kinapiga kwa sauti kubwa kuliko cheusi. Baada ya kusawazisha, ule mmeremeto wote niliousifia ukayeyuka. Kisha akasimamisha muziki akasikiliza ukimya. Cheusi kilinyamaza kabisa. Cha fedha kilikuwa na mvumo mwembamba, kama birika linalokaribia kuchemka chumba cha pili. Mwishowe akashusha sauti chini kabisa, akasikiliza, akageuza hedifoni, akasikiliza tena, na kuniambia kuwa cha fedha kinaegemea: sauti ikiwa ndogo, upande mmoja unazidi mwingine. Nikamwambia mimi pia niligeuza, mbona sikusikia hivyo.

Alizivua hedifoni. "Mimi nageuza kwa sababu sikio langu la kushoto ni bovu, mdogo wangu," akasema. "Tangu nikiwa msichana, niliugua. Sauti nyembamba halizisikii. Ndiyo maana kila upande naupitisha kwenye sikio la kulia. Wewe ulikuwa unageuza kwa nini?"

Nilijifanya natafuta waya chini ya meza.

Amenipa ruhusa niliandike hilo, kwani anasema baada ya Ijumaa hakuna wa kumfukuza kazi. Lakini nawaomba wenzangu mnielewe hali yangu. Nilikuwa nimejifariji kwa miaka mingi kwamba mwenzangu kajaliwa masikio ya ajabu, na mtu hashindani na majaliwa. Kumbe kanishinda kwa sikio moja. Yangu yote mawili ni mazima. Nilikwenda hospitali wiki hiyo hiyo kuhakikisha.

Kabla ya kurudi kwenye chakula chake aliongeza neno. Alisema nichukue cheusi, si kwa sababu ya bei, ila kwa sababu mimi husikiliza taratibu, kwa sauti ya chini. Alisema siku zote amesikia sauti ikivuja kutoka kwenye hedifoni za watu wote chumbani mle isipokuwa zangu, na mtu anayesikiliza taratibu anahitaji kitufe ambacho hakiegemei kikiwa chini. Sikujua kama kuna aliyewahi kunisikiliza nikisikiliza.

Nikarudisha viboksi dukani na kuiambia kamati nimebadili mawazo. Mhasibu wetu alipokwenda kulipa siku ya pili, cheusi hakikuwepo. Kilikuwa kimebaki kimoja tu, na muuzaji alisema kimenunuliwa na mama mmoja mwenye mtandio aliyeomba feni ya duka izimwe kwanza. Kamati ikasema basi, kichukuliwe cha fedha, na tena kitapendeza kwenye picha. Niliporudi mezani kwangu nikakuta kifurushi juu ya kiti changu, kimefungwa kwa karatasi ya kalenda ya zamani. Juu yake ameandika: "Ni chako. Kisikilize taratibu."

Hakuna aliyeniona nikikifungua. Nilikaa nacho saa nzima ya mchana, mlango nimeufunga, nikasikiliza. Ni kizuri, jamani. Kizuri chajiuza. Hiki ndicho kitu cha kwanza ambacho mtu yeyote wa kazini kanichagulia mimi, kwa masikio yangu, na nilikitaka kwa roho yote. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Cha fedha kingefungwa kwa utepe, watu wangepiga makofi, yeye angeshukuru kwa adabu zake zote. Kisha angekwenda nacho nyumbani, ashushe sauti, ageuze hedifoni, na upande mmoja uwe mzito, maisha yake yote ya kustaafu. Na angejua nani alikichagua.

Nikakifunga upya kwa karatasi ileile ya kalenda, ila nimelificha lile andiko kwa ndani, nikampelekea mhasibu. Pesa za kamati zimeagiza cheusi kingine, na kikifika ndicho kitakuwa changu. Mhariri ameniahidi kwamba jarida hili halitagawiwa mpaka zawadi iwe imefunguliwa. Kwa hiyo, dada, ikiwa unasoma hapa, basi umeshajua: zawadi uliyopokea leo umejinunulia mwenyewe. Usiirudishe. Kila mtu humu ndani anajua mimi si mtu wa kutoa vitu ovyo.

Kuanzia Jumatatu kiti chako ni changu, kwa miaka miwili iliyobaki kabla nami sijaondoka. Nimekitamani tangu nikiwa na nywele nyeusi, na nilipokikalia jana kwa kujaribu nikakuta ni kirefu mno kwangu, miguu haigusi chini. Fundi wa samani anasema hakishuki.

Idara nzima inakushukuru kwa kila kelele uliyotuondolea. Tunakuombea afya, nyumba tulivu, wajukuu wanaobisha hodi kabla ya kuingia, na muziki usioegemea upande. Na lile swali lako la siku ile, ambalo nililikimbilia chini ya meza, jibu lake ni hili: nilikuwa nageuza kwa sababu wewe ulikuwa unageuza.