Bati Langu Nililiacha Juu ya Ghala

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa Masasi! Amina hiyo ni ya watu wenye kisima karibu na jiko. Mimi nimeteremka kutoka Newala, na kule juu hata Amina hutoka na koo kavu. Haya, tumsifu tena kwa sauti ya watu waliokunywa maji: Bwana asifiwe!

Ninaitwa Mama Agnesi. Nimesimama kueleza jinsi Mungu alivyoniokoa na hofu. Wengine huokolewa na pombe, wengine na uchawi. Mimi pombe siipendi na wachawi hawakuwa na cha kuniroga. Ugonjwa wangu ulikuwa hofu, na niliishi nayo kama mke mwenza.

Ndugu zangu, kwetu maji yako bondeni. Mwanamke huteremka alfajiri na ngata yake kichwani, na akirudi na debe jua limesimama. Baba Agnesi alipofariki, mikorosho aliyoipanda ikaenda kwa wapwa zake, watoto wa dada yake. Msinune, ndiyo desturi yetu, na mimi sikugombana na mtu. Lakini nilibaki na binti mmoja na debe moja. Nikaanza kuuza maji. Safari ikanielemea, na Agnesi akaacha shule ili tubebe wawili. Alikuwa akipita mbele ya darasa na debe kichwani, akiwasikia wenzake wanasoma, naye hageuki kutazama. Jambo hilo liliniuma kuliko msiba.

Mwaka ule wakulima wa korosho waliungana wakafanya chama cha ushirika, wakaanza kujenga ghala. Udongo wa kuta zile ulikandwa kwa maji yangu! Kazi ilipokwisha, katibu wa chama, Bwana Klementi, akaniuliza kama nataka fedha au hisa. Sikujua hisa ni mdudu gani. Akanieleza kwamba ni sehemu yangu katika ghala na mizani na kila kitu cha chama, na korosho zikiuzwa vizuri nitapata gawio. Nikachagua hisa. Nikajiambia, gawio likitoka nitaezeka nyumba yangu kwa bati, nitachimba tangi la kukinga mvua, na Agnesi atarudi shule. Basi. Sikuwa na tumaini jingine duniani.

Ndipo bei ikaanguka. Habari zilitoka Mtwara kwamba meli za kuchukua korosho haziji na wanunuzi wa ng'ambo wamekaa kimya. Wenye maduka wakafunga mizani zao. Bwana Shauri, yule afisa wa serikali wilayani, akatuambia tusubiri, akaingia ndani kunywa chai yake. Korosho zikajaa ghalani, na mvua zilikuwa karibu.

Mjomba wangu, Mzee Issa, ndiye mkubwa wa ukoo wetu. Alikuja kwangu, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa haraka kama mtu anayefukuzwa. Akasema chama kimekufa, na wenye akili wanakwenda kuchukua sehemu zao kabla hazijaisha. Hofu ikanipanda. Nikabeba ngata nikamfuata.

Ndugu zangu, mngecheka! Ghala limezungukwa na watu, kila mmoja anadai sehemu yake kama nyama ya sikukuu. Huyu anataka mlango. Yule anataka mnyororo wa mizani. Vijana wamekwishaweka ngazi ukutani. Na mimi, mwenzenu mwombaji, nilikuwa nimechagua bati langu! Lile la pembeni, halina kutu. Nilikuwa nimekwishalipima kwa macho juu ya jiko langu.

Nikiwa nimelitazama bati lile, wingu likapita juu yake, paa lote likawa jeusi. Hapo Roho akanigusa. Niliona mabati yote yametoka, kila mtu ana lake nyumbani, na mvua inaingia ghalani juu ya jasho la wilaya nzima. Nikaomba kimoyomoyo, Bwana, nimechoka kuogopa, iondoe hofu hii au uniondoe mimi. Kisha nikasikia sauti yangu inasema, mbele ya wanaume:

"Mkishusha bati, mvua itazinyeshea korosho za nani?"

Watu wakageuka. Bwana Klementi akapata nguvu, akasema anayetaka kutoka atoke, lakini amuuzie mwenzake hisa, asibomoe nyumba. Mjomba akacheka kwa uchungu.

"Nani atanunua kitu kilichokufa, Mama Agnesi? Wewe?"

"Mimi, mjomba," nikasema. "Nina mbuzi."

Mbuzi wale, niliowanunua mmoja mmoja kwa fedha ya maji, ndio waliokuwa akiba yangu yote. Wa kwanza alikwenda kwa mjomba mwenyewe. Wengine wakaenda kwa wenye hisa waliotaka kutoka, na vijana wakateremka kwenye ngazi. Jirani yangu Mama Hadija akautangazia mtaa mzima kwamba nimebadilisha mbuzi kwa upepo. Nilipofika nyumbani zizi ni tupu, Agnesi ananitazama. Nikatafuta hofu yangu ilipo, sikuiona. Haleluya! Mfuko mtupu, nyumba inavuja, na mimi ninaimba! Nilijua siku ile nimeokoka, kabla sijapata hata senti.

Mvua zikaja, zikapiga bati lile la pembeni na wenzake wote. Tuliendelea kuteremka bondeni, Agnesi mbele, mimi nyuma. Mama Hadija akiniuliza mbuzi wangu hawajambo, ninamjibu wanakula upepo, wananenepa.

Ndugu zangu, meli zikaja! Wanunuzi wakarudi kama watu waliosahau kofia. Korosho zilizofichwa majumbani chini ya nyasi zilikuwa zimeota ukungu. Za ghalani, ukizitikisa mkononi, zinalia! Chama kikauza kwa bei ambayo hatukuwahi kuiota. Siku ya gawio karani aliita jina langu, nikaenda. Akaliita tena, kwa hisa zile za mbuzi, nikaenda. Akaliita tena, watu wakaanza kucheka na kupiga vigelegele, na aliyepiga cha juu kuliko wote ni Mama Hadija.

Leo nyumba yangu ina bati jipya, na chini ya ukingo wake kuna tangi. Agnesi yuko shuleni, na akirudi ananisomea barua za jirani wote. Wapwa wa marehemu, wale wenye mikorosho, huja kuchota. Mjomba huja pia. Mara ya kwanza alisimama uani na kibuyu chake, ameinamisha macho. Nikampokea kibuyu, nikamwambia shikamoo mjomba, nikakijaza mpaka kikamwagika.

Ewe ndugu uliyekaa hapo umelitolea macho bati lako, unataka kulishusha kabla wengine hawajashusha lao, nakusihi uliache juu. Umwamini aliyelishikilia langu. Na kama ushuhuda wangu haukutoshi, panda Newala. Nyumba yangu utaijua kwa paa. Sitakuuliza dini yako wala ukoo wako. Kata iko juu ya mfuniko, na mfuniko hauna kufuli. Chota, unywe.