Sweta ya Kijani Niliyoikana

Akina mama wa chama, wazee mliowasindikiza wake zenu, na majirani mlioingia kwa sababu mmesikia harufu ya pilau, nawasalimu nyote, kila mmoja kwa dini yake. Mwenyekiti amenitaka nisimame niseme yaliyonipata. Nimemwomba niseme nikiwa nimekaa, akadhani ni nyonga inaniuma. Mama, leo si nyonga. Ni aibu.

Sitamtaja mtu kwa jina. Jina linalostahili kuchafuka katika habari hii ni langu, na hilo mnalijua.

Mimi nilikuwa utingo wa malori ya masafa. Kazi yangu ilikuwa kupanda juu ya shehena, kufunika turubai na kukaza kamba, kisha safari mpaka mpakani. Siku moja, katika yadi moja kule Changamwe, kamba ilikatika nikaanguka chali. Nyonga ikavunjika. Nikarudishwa nyumbani hapa Magogoni, nikalala mwaka mzima nikihesabu mabati. Mke wangu ndiye aliyekuwa akitoka asubuhi kuuza viazi vya karai, mimi nikibaki kama mzigo uliosahauliwa.

Kila Alhamisi alasiri chama hiki cha kufuma kilikuwa kinakutana kwenye baraza yetu, kwa sababu ni pana. Mimi ndani, wao nje, katikati pazia. Nikawa nawasikiliza. Nikajua kofia wanazofuma ni za vichanga waliozaliwa kabla ya miezi yao kutimia, kule hospitalini. Nikajua shuka ni za vikongwe wanaoishi peke yao Ziwa la Ng'ombe, na kwamba wakienda kuzipeleka huwafagilia nyumba na kuwachotea maji. Na sweta ni za watoto wenye selimundu, ule ugonjwa wa damu. Wengine wenu bado mnacheka, mnasema nani anataka sweta Mombasa. Basi mngemwona mtoto wa selimundu mwezi wa saba, mvua imemnyeshea na upepo unavuma, mifupa inavyomtesa, msingecheka.

Siku moja mwenyekiti aliingia ndani kutafuta maji ya kunywa, akanikuta nafungua uzi wa mke wangu uliojisokota. Alisimama akaniangalia.

"Baba, vidole hivi vinajua mafundo," akasema.

"Ni kamba za turubai, mama."

"Uzi nao ni kamba. Hebu shika sindano hizi."

Nikafundishwa. Baada ya miezi miwili nilikuwa nafuma sweta nzima, mikono na kola. Lakini niliweka sharti: asijue mtu yeyote nje ya chama. Wakakubali, na wakalishika neno lao. Nikawa nafuma katika chumba cha ndani, na mtu akibisha hodi nausukumia uzi chini ya mto, kama mtu anayeficha pombe ya chang'aa.

Ndugu zangu, nawaambia jambo ambalo hata mke wangu sikumwambia kwa kinywa changu. Nilipoanza kutembea na mkongojo, nilikuwa nakwenda kwenye kibanda cha kahawa kucheza drafti na wenzangu. Na pale mazungumzo yakikauka, tulikuwa tunawacheka nyinyi. "Wanawake wa Alhamisi, wanataka kutuchemsha kwa sweta." Aliyekuwa akicheka kwa sauti kubwa kuliko wote ni mimi. Asubuhi nimefuma mkono wa sweta, jioni nawacheka wafumaji.

Ndipo ikaja sweta ya kijani. Ilikuwa ya binti wa miaka minane. Mwenyekiti aliniletea vipimo vyake na ombi lake: anataka mifuko miwili, kwa sababu maumivu yakimshika vidoleni hupenda kuficha mikono. Ile mifuko niliifuma mara tatu, nikaifumua mara mbili, mpaka ikakaa sawa. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile maishani.

Mama yake alipoipokea alifurahi mno, akataka kumjua fundi. Mwenyekiti akakataa kusema. Lakini mke wangu, kwa kujivunia mume wake, akamnong'oneza. Simlaumu. Ni mara ya kwanza tangu nianguke alikuwa na cha kujivunia.

Basi alasiri moja tuko kwenye kahawa, wanaume sita, nakaribia kushinda. Akatokea mama mmoja amemshika binti mkono, na binti amevaa ile sweta, mikono iko mifukoni.

"Shikamoo mzee," mama akasema. "Mwanangu amekuja kukushukuru. Tumeambiwa ni wewe uliyemfumia."

Wenzangu wakageuka kunitazama. Mmoja akaweka kikombe chini. Mwingine akasema, "Wallahi, nani? Huyu?"

Nami nikasema, nakumbuka kila neno: "Umekosea mtu, mama. Mimi nafuma? Mimi ni mwanamke? Sweta hiyo siijui, na mtoto huyo simjui."

Wakaangua kicheko. Yule mama akaomba radhi. Yeye ndiye aliyeomba radhi! Binti aliniangalia, akatoa mikono mifukoni taratibu, wakaenda zao. Mimi nikarudi kwenye drafti, nikashinda.

Mke wangu alizipata habari kabla sijafika nyumbani. Aliniwekea chakula, akakaa akinitazama ninavyokula. Alhamisi ilipofika chama kilikuja kama kawaida, wakaniwekea mfuko wa uzi mlangoni kama kawaida. Hakuna aliyenigombeza. Laiti mngenigombeza.

Wiki tatu baadaye zikaja zile mvua za kunyesha mchana kutwa. Mke wangu akarudi saa sita na karai bado lina viazi.

"Yule mtoto amelazwa," akasema.

"Mtoto gani?"

"Unajua mtoto gani."

Tangu siku ile ya kahawa binti alikuwa amekataa kuivaa sweta. Mama yake akimuuliza, anajibu, "Hii haina mwenyewe. Yule babu amesema si yake." Asubuhi hiyo alikwenda shule bila sweta, akanyeshewa, na maumivu yakamshika darasani mpaka akabebwa. Daktari hakuniambia ni kosa langu, wala mama yake hakusema hivyo, mpaka leo. Mimi najua ninachokijua.

Siku mbili sikushika sindano. Siku ya tatu nikamwita mwenyekiti nikamwambia naacha chama, sistahili.

Akanijibu, "Unaweza kuacha, baba. Lakini hapo utakuwa umejificha mara ya pili. Mara ya kwanza ulijificha watu wasikucheke. Sasa unajificha kwa nani, kwetu?"

Alipoondoka nilichukua sindano zangu na uzi, nikaenda nao mkononi barabarani, jua linawaka, mpaka kwenye kahawa. Nikaketi pale pale. Nikaanza kufuma.

"Bwana we, umekuwa bibi?" mmoja akauliza.

Nikasema, "Ile sweta ya kijani niliifuma mimi. Yule mama alisema kweli, mimi ndiye niliyesema uongo mbele yenu."

Walicheka, sitawaficha. Mmoja alicheka mpaka kahawa ikamwagikia kanzu. Mmoja akanyanyuka akaondoka, na hajanisalimu tangu siku ile. Vitanzi vikanitoka, ule mstari ukawa mbaya kama kazi ya mtu anayejifunza. Kisha wakachoka, wakarudi kwenye drafti yao, wakaanza kubishana habari za mpira. Kumbe nilichokiogopa muda wote ule kilikuwa kicheko cha dakika kumi! Kwa ajili ya dakika kumi nilimvunja moyo mtoto.

Kesho yake nikaenda hospitalini saa ya kuwaona wagonjwa. Binti alikuwa amelala ubavu, macho yana manjano, mkono umefungwa dripu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukwambia kwamba sweta nilikufumia mimi."

"Najua. Mama aliniambia."

Kisha akauliza, "Mbona ulisema hunijui?"

"Niliona aibu, mwanangu."

Akayaangalia macho yangu. "Uliona aibu kwa sababu mimi ni mgonjwa?"

Ndugu zangu, nyonga ilipovunjika sikulia. Pale nililia mbele ya wauguzi na wagonjwa wote. Mimi nilikuwa naogopa kuitwa mwanamke, na yeye siku zote zile alikuwa akidhani nimemkana kwa sababu ya macho yake ya manjano, kwa sababu watoto wenzake shuleni humkimbia. Nilimwambia sivyo, nikamweleza yote kwa kunong'ona, hata kicheko cha kahawani, nikamwomba msamaha. Alisikiliza. Hakusema amenisamehe. Alisema anataka kulala.

Alitoka hospitalini baada ya siku chache. Sweta anaivaa siku nyingine, na siku nyingine haivai. Akipita barazani huwa ananiamkia, na pengine anapita kimya. Ana haki.

Namshukuru mke wangu, aliyenivumilia na bado akanitetea kwa watu. Namshukuru mwenyekiti, aliyekataa kunipa mlango wa kutorokea. Namshukuru yule mama, ambaye leo ni mwanachama na hukaa karibu nami akinishikia uzi. Nanyi akina mama, niliowacheka mkiwa mnaniletea kazi ya kunirudishia uhai, nawaomba radhi.

Kama kuna mtu hapa anaficha jema analolifanya kwa kuogopa wenzake, nina neno moja tu la kumwambia. Ukimkana mtu kwa ajili ya aibu yako, yeye hatajua kuwa ni yako. Ataibeba akidhani ni ya kwake.

Limebaki jambo moja, nalo mwenyekiti halijui. Nilimkana binti yule mbele za watu, lakini msamaha niliuomba kitandani kwake kwa kunong'ona, aliyesikia ni yeye tu. Haikuwa sawa. Leo watu wapo, na yeye yupo, amekaa pale karibu na mama yake.

Mwanangu, nakujua. Nilikukosea, na nakuomba radhi mbele ya wote hawa. Huna haja ya kunijibu leo.