Sataranji ya Fundi wa Lifti na Mkewe

Kaka yetu mkubwa, tunayemzika leo, alizaliwa tarehe 9 Juni 1951, akiwa kifungua mimba wa mama yetu. Alikuwa mbishi tangu utotoni, na hata mkunga nadhani alimchosha.

Alihitimu chuo cha ufundi mwaka 1972. Huko bwenini ndiko alikojifunza sataranji, akawa hashikiki.

Alitengeneza lifti za hospitali hadi alipostaafu mwaka 2011. Kila jioni alirudi na grisi kwenye kucha, akanawa, akatandika ubao mezani.

Mwaka 1978 alimwoa shemeji yetu, mshona mashela. Shemeji aliutazama ule mchezo, akauliza, "Mbona malkia anahangaika uwanja mzima na mume amekaa tu?" Wakabadili sheria. Malkia akawa wa hatua moja moja. Mfalme akapewa mbio zote, ila asimwache malkia mbali. Ngome, kwa heshima ya lifti, ikawa ya kupanda na kushuka tu. Sisi tulicheka, hatukujifunza.

Ugonjwa wa kusahau ulianza mwaka 2019. Sheria za bwenini zilibaki kichwani mwake. Zile za nyumbani zilifutika zote. Siku moja shemeji alimkimbiza mfalme wake, na marehemu akamshika mkono kwa upole.

"Mama, mfalme haendi hivyo. Nani amekufundisha?"

"Mume wangu."

"Basi mume wako hajui kucheza."

Shemeji alijaribu miezi mingi kumrudisha kwenye sheria zao. Mwishowe alichoka, akacheza kwa sheria za bwenini, akafungwa kila jioni, na marehemu akamshukuru kama mgeni aliyepita kumsalimia. Sitaficha, hilo lilituumiza kuliko kifo chenyewe.

Alifariki nyumbani kwa nimonia, Jumanne tarehe 14 Mei 2024.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano na sisi wadogo zake. Jana nilimwomba shemeji anifundishe sataranji yao, isije ikapotea. Alinieleza vizuri mpaka akafika kwa farasi.

"Farasi hatukuwahi kukubaliana," akasema. "Tulikuwa tunamsogeza kwa kubishana."

Nikamwambia tutabishana mimi na yeye.

"Wewe shemeji yangu utanikubalia tu," akasema, akaanza kurudisha kete kwenye boksi.

Kaka, upumzike kwa amani. Sisi huku hatunayo.